Jinsi ya kucheza GTA San Andreas ya 2005 kwenye kompyuta ya leo bila kuumwa kichwa

"Mausi haisogei." "Watu wamevutwa, wamekuwa wanene kama magunia." "CJ anapiga maji lakini haendi." "Nikisevu inakataa." Maswali haya ya gemu hii (CJ ndiye mhusika unayemchezesha) nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, na safari moja nikiwa nimekaa ukumbini kwenye sherehe ya harusi, biryani inapoa. Sasa nimeyaandika yote mahali pamoja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

Kwanza tuondoe hofu moja. Watu wengi wanaokuja na tatizo hili huanza kwa kusema, "labda laptopu yangu haina nguvu." Gemu hii ilitoka kwenye PlayStation 2 Oktoba 2004, na kwenye PC Juni 2005. Mashine ya chini kabisa iliyotakiwa wakati ule ilikuwa na prosesa ya gigahezi 1, RAM ya megabaiti 256 na kadi ya grafiki ya megabaiti 64. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 8 imeshaipita mara 32. Nguvu unayo, tena imezidi. Kinachosumbua ni kwamba Windows imebadilika, skrini zimekuwa pana, na mashine zinakwenda kasi ambayo gemu haikuandaliwa kuipokea.

Mwongozo huu ni wa gemu ya asili. Ile iliyotengenezwa upya na kuuzwa kuanzia 2021, Definitive Edition, ni kitu kingine kabisa na hatua hizi haziihusu.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Kopi safi ya gemu. Safi maana yake haijawekwa modi hata moja, yaani nyongeza zilizotengenezwa na mashabiki. Zile kopi za kwenye flashi zinazozunguka mtaani, zilizojazwa magari ya kubandika na nguo za ajabu, ziweke kando. Hujui nani kagusa faili gani, na mara nyingi zinakuja na virusi vyake. Kama uliinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, kabla haijaondolewa humo mwaka 2021, bado imo kwenye akaunti yako, ipakue. Kama unayo diski ya zamani, jiandae kwamba huenda ikagoma: Windows 10 iliacha kukubali kinga za diski za enzi zile, SafeDisc pamoja na baadhi ya matoleo ya SecuROM.
- Nafasi ya gigabaiti 10 hivi. Gemu yenyewe haifiki 5, zinazobaki ni za kopi ya akiba.
- 7-Zip, au programu yoyote ya kufungulia mafaili yaliyobanwa.
- Viraka vitatu, yaani mafaili ya kurekebisha gemu, vyote vya bure: Ultimate ASI Loader, SilentPatch ya San Andreas, na Widescreen Fix ya San Andreas. Cha kwanza na cha tatu ni kazi ya mtengenezaji anayejiita ThirteenAG, cha pili ni cha anayejiita Silent. Vichukue kwenye kurasa zao wenyewe za GitHub, usivichukue kwenye tovuti inayokulazimisha kupakua "downloader" kwanza. Ni mafaili madogo, bando la siku linatosha na chenji inabaki.
- Saa moja ya utulivu. Ukifanya haraka haraka utafanya mara mbili.

Neno moja kuhusu matoleo, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa baadaye. Toleo la kwanza la PC ni 1.0. Julai 2005 ukatokea mzozo uliojulikana kama Hot Coffee: watu walifungua sehemu ya mapenzi iliyokuwa imefichwa ndani ya gemu, bodi ya Marekani ya kupanga umri wa wachezaji ikaipandisha daraja hadi ya watu wazima tu, na wenye gemu wakatoa 1.01 iliyoifunga sehemu hiyo. Baadaye likaja toleo la Steam, ambalo Novemba 2014 lilipunguziwa nyimbo kadhaa za redio kwa sababu ya leseni. SilentPatch inayakubali matoleo yote haya. Modi nyingi za mtaani zinataka 1.0 peke yake. Kwa hiyo kabla hujapakua modi, soma imeandikiwa toleo lipi. Kwenye toleo la Steam faili la kuanzishia linaitwa gta-sa.exe, kwenye mengine gta_sa.exe. Mimi nitaandika gta_sa.exe, wewe soma lako.

Hatua zenyewe

Kanuni ni moja tu: hatua moja, jaribu, ndipo uende nyingine. Ukiweka vitu vitano kwa mpigo gemu ikagoma, hutajua nani mchawi.

1. Iweke gemu mahali pake. Tengeneza folda C:\Gemu na uweke San Andreas humo. Usiiweke ndani ya Program Files. Windows inailinda folda ile, na programu za zamani zikitaka kuandika humo, mafaili yao yanapelekwa kwa siri kwenye folda nyingine inayoitwa VirtualStore. Matokeo yake unabadilisha kitu, unafungua gemu, huoni mabadiliko, unadhani umerogwa. Kama umeipakua kupitia Steam, tengeneza maktaba ya Steam nje ya Program Files kisha uihamishie huko.

2. Washa majina kamili ya mafaili. Fungua folda yoyote, nenda View, kisha Show, weka alama kwenye File name extensions. Ni kazi ya sekunde tano na itakuepusha na balaa la kuwa na faili linaloitwa dinput8.dll.dll. Nimeliona kwa macho yangu, na mwenyewe alikuwa akiapa kwamba amefuata kila kitu.

3. Sasisha draiva ya grafiki, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya grafiki. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, basi kompyuta yako haina draiva ya kweli, na hakuna kiraka kitakachokusaidia mpaka uiweke. Hali hii ni ya kawaida kwenye kompyuta za mtumba ambazo fundi aliweka Windows upya akaishia hapo. Ipate kwa mtengenezaji wa laptopu, au Intel, AMD, NVIDIA, kulingana na kilichomo.

4. Chagua kadi ya grafiki. Hii ni kwa wenye laptopu zenye kadi mbili, ya Intel na ya NVIDIA kwa mfano. Windows ikiona gemu ya 2005 inaweza kuidharau na kuipa ile dhaifu. Nenda Settings, System, Display, Graphics, ongeza gta_sa.exe, kisha chagua High performance. Mwenye kadi moja apite.

5. Ifungue gemu mara moja bila kiraka chochote. Ndiyo, hata kama itaonekana mbaya. Tunataka itengeneze folda yake ya mafaili na tujue inawaka. Ikifika kwenye menyu, toka. Sasa nenda Documents, utaona folda inaitwa GTA San Andreas User Files. Ndani yake mna faili gta_sa.set, lenye mipangilio ya sauti, picha na mausi, na sevu zako zinazoitwa GTASAsf1.b hadi GTASAsf8.b.

   Lifahamu vizuri faili la gta_sa.set, kwa sababu nusu ya matatizo ya mausi huisha kwa kulifuta. Gemu italitengeneza upya yenyewe. Lakini futa hilo peke yake! Miaka ya nyuma nilikuwa namtengenezea kaka yangu, nikafuta folda nzima kwa pupa. Alikuwa ameshafika Las Venturas, mji wa mbele sana kwenye gemu. Siku tatu hatukusalimiana vizuri.

   Kama folda hiyo huioni, itafute ndani ya OneDrive\Documents. Windows mpya hupenda kuhamishia nyaraka zako huko bila wewe kukumbuka kama ulikubali.

6. Fanya kopi ya akiba. Nakili folda nzima ya gemu, uipe jina San Andreas safi. Usiiguse tena. Hii ndiyo itakayokuokoa siku utakapoharibu, na kuharibu utaharibu tu.

7. Weka Ultimate ASI Loader. Hiki ni kama mlango: chenyewe hakibadilishi gemu, kinaruhusu viraka vingine kuingia. Fungua faili ulilopakua, toa dinput8.dll, liweke ubavuni mwa gta_sa.exe. Si ndani ya folda ya models, wala data, bali palepale lilipo gta_sa.exe.

   Hapa kuna kosa linalorudiwa na kila mtu. Kipo cha aina mbili, Win32 na x64. Watu wanajua kompyuta yao ni ya biti 64, wanachukua x64. Gemu yenyewe ni ya biti 32, na kinachotazamwa ni gemu. Chukua Win32. Ukiweka kingine, viraka havitafanya kazi.

   Ifungue gemu. Ikiwaka kama kawaida, songa mbele.

8. Weka SilentPatch. Nakili SilentPatchSA.asi na mwenzake SilentPatchSA.ini kwenye folda hiyohiyo. Kama kuna kiraka kimoja tu utakachoweka maishani, kiwe hiki. Kinarekebisha makosa mengi madogo yaliyoachwa na watengenezaji: mausi inayokwenda tofauti juu-chini na kushoto-kulia, vivuli, taa, rangi za magari, na kifaa cha kudhibiti kasi ya fremu (picha zinazopita skrini kila sekunde) ambacho asili yake kilikuwa kinakokota kwenye fremu 25 hivi kwa sekunde badala ya 30.

   Kwenye Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 kiraka hiki kimekuwa cha lazima, na kisa chake kinachekesha. Watu waliosasisha Windows waligundua kwamba ile ndege ya majini, Skimmer, imetoweka kwenye gemu. Wengine walijaribu kuiita kwa njia zao, wakajikuta wamerushwa angani mbali kuliko nyota. Kila mtu akailaumu Microsoft. Silent akachimba, akaikuta chanzo mwaka 2005. Kwenye faili la vehicles.ide kila gari lina mstari wake wa namba, na ndege zinatakiwa ziwe na namba za magurudumu. Skimmer ilihesabiwa kama boti kwenye Vice City, gemu ya GTA iliyotangulia. Ilipohamishiwa San Andreas ikafanywa ndege, lakini mstari wake haukuongezewa namba nne za mwisho. Gemu ilipousoma mstari ule ikawa inachukua namba zilizobaki kwenye kumbukumbu kutoka gari lililotangulia, na kwa bahati zilikuwa namba za kueleweka. Karibu miaka 20 bahati hiyo ilishikilia. Windows 24H2 ikabadilisha kidogo inavyotumia kumbukumbu kwenye kazi zake za ndani, zile namba za kuazima zikafutwa, na deni likaja juu. SilentPatch inalilipa.

9. Weka Widescreen Fix. Mwaka 2005 skrini nyingi zilikuwa bado karibu mraba. Gemu ina chaguo lake la skrini pana, ila halijakamilika: maandishi na ramani vinavutwa kwa upana. Fungua ulichopakua, nakili kila kilichomo kwenye folda ya gemu na uuache mpangilio wake kama ulivyo, folda ya scripts ibaki kuwa folda ya scripts. Ukiulizwa kuhusu dinput8.dll wakati tayari unayo, acha ile ya kwanza.

   Jinsi ya kujua imekubali: anza gemu, tazama ramani ndogo kona ya chini kushoto. Ikiwa duara kama sahani, mambo safi. Ikiwa kama yai, kiraka hakijaingia, rudi hatua ya 7 uangalie kama ulichukua Win32.

10. Panga picha ndani ya gemu. Options, Display Setup, kisha Advanced. Rezolusheni ilingane na skrini yako, kwa laptopu nyingi ni 1366 x 768 au 1920 x 1080. Draw Distance peleka hadi mwisho, Visual FX Quality weka Very High, Mip Mapping iwe On. Antialiasing anza na kiwango cha kati. Usibane matumizi hapa, mashine yako haitatoa hata jasho.

11. Frame Limiter, na hapa nakuomba usome polepole. Iache On.

    Najua umeambiwa uizime ili gemu "iende laini". Ukizima, kompyuta ya leo itatoa fremu mia na zaidi kwa sekunde, na gemu hii inapima baadhi ya mienendo kwa fremu, si kwa saa. Nenda ufukwe wa Santa Maria pale Los Santos, mwingize CJ majini, bonyeza kitufe cha kuogelea. Fremu zikiwa 30 anakata maji vizuri. Zikiwa 120 anarusha mikono palepale kama mtoto anayeoga kwenye beseni. Mazoezi ya jimu nayo yanakuwa mateso, baadhi ya magari yanashindwa kuondoka vizuri, na kuna misheni utakayorudia mara ishirini ukidhani hujui kucheza, kumbe ni fremu.

    Kama macho yako hayavumilii 30, ipo njia. Weka modi inayoitwa FramerateVigilante, iliyotengenezwa kusahihisha makosa hayohayo. Kisha zima Frame Limiter, na uweke kikomo cha 60 kutoka nje, kwa NVIDIA Control Panel au RivaTuner. Mimi nimeshacheza hivyo na ni raha. Lakini kwa mtu anayeanza, 30 ya SilentPatch inatosha kabisa. Hata PlayStation 2 ya kwenye kibanda haikuwa na zaidi ya hiyo, na tulilipa sarafu zetu bila kulalamika.

12. Jaribu kusevu kabla hujacheza kwa saa tatu. Fika kwenye alama ya diski inayozunguka kwenye nyumba ya Grove Street, sevu, toka kabisa, rudi, fungua. Ikifunguka, umemaliza. Nakili folda ya User Files uiweke kwenye flashi.

Mambo watakayokushauri ambayo si lazima

Compatibility mode ya Windows XP. Kila video ya mtandaoni inaanza nayo. Usiitumie kabla hujaweka SilentPatch, na ukishaiweka kwa kawaida hutaihitaji. Mara kadhaa nimerekebisha gemu ya mtu kwa kuondoa tu alama hiyo aliyoiweka.

Kuzima antivirus. Ni kweli mara mojamoja Windows Defender inashuku mafaili ya .dll na .asi ya viraka. Ukiwa umeyachukua kwa wenyewe, liruhusu faili hilo moja. Kuzima ulinzi wote ili ucheze gemu ni kuacha mlango wazi usiku ili paka apite.

Pedi za Xbox na za aina hiyo zinafanya kazi vizuri zaidi ukiweka GInput, ambayo pia ni ya Silent. Maelezo yake yamo ndani.

Ikigoma

*Mausi haisogei kwenye menyu au kamera haigeuki.* Toka, futa gta_sa.set, chomoa pedi na vifaa vingine vya USB usivyovihitaji, fungua tena. Ikitokea katikati ya mchezo baada ya kubonyeza Alt na Tab, toka tena na urudi tena kwa vitufe hivyohivyo, mara nyingi inazinduka.

*Nabofya mara mbili, hakuna kinachotokea.* Fungua Task Manager, angalia kama gta_sa.exe imebaki nyuma imeganda. Ipo? Iue, ujaribu tena. Haipo? Ondoa dinput8.dll kwa muda. Gemu ikiwaka bila hiyo, kosa liko kwenye kiraka au modi. Isipowaka, kosa liko kwenye kopi yenyewe, chukua ile uliyoiita San Andreas safi.

*Inasema haioni video mode ya 800x600x32.* Karibu kila mara niliyokutana nayo ilikuwa draiva. Rudi hatua ya 3. Kama draiva ipo, futa gta_sa.set.

*Picha inatokea kona moja tu ya skrini, au imekuzwa kupita kiasi.* Skrini yako imewekewa ukuzaji wa 125% au 150%. Bofya gta_sa.exe kwa kitufe cha kulia, Properties, Compatibility, Change high DPI settings, weka alama kwenye Override, chagua Application.

*Inakataa kusevu.* Sababu ni mbili. Ama OneDrive imeikalia Documents, simamisha usawazishaji wake ujaribu. Ama Windows Security imewasha kinga ya folda: ingia Virus & threat protection, kisha Ransomware protection, na kwenye Controlled folder access uiruhusu gta_sa.exe.

*Nikiendesha kasi barabara zinapotea, naanguka kwenye bluu.* Gemu imejiwekea kikomo cha megabaiti 50 za kupakia mji unapotembea. Mji wa asili unaenea humo. Ukibandika magari yenye picha kubwa kubwa yanamaliza nafasi, na barabara inakosa pa kukaa. Punguza modi. Kuna modi za kupandisha kikomo hicho, lakini anza kwa kupunguza.

*Niliweka modi, sasa inakufa kila nikiingia.* Ndiyo maana tulifanya kopi safi. Nakili upya, rudisha viraka vitatu, kisha ongeza modi moja moja ukijaribu kila moja. Na sevu iliyotengenezwa na modi kubwa inaweza isifunguke bila modi hiyo, kwa hiyo usiilaumu gemu.

*Inamulika-mulika kwenye kadi mpya, hasa Intel Arc.* Pakua DXVK, ingia folda ya x32, chukua d3d9.dll na uiweke ubavuni mwa gta_sa.exe. Inaitafsiri DirectX 9 ya zamani kuwa Vulkan, lugha ambayo kadi za leo zinaielewa vizuri. Tena ni x32, si x64, kwa sababu ileile ya hatua ya 7. Picha ikiharibika zaidi, lifute faili hilo, hakuna kilichopotea.

Ukishamaliza

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hawajui kipo. Ndani ya GTA San Andreas User Files mna folda inaitwa User Tracks. Weka humo nyimbo zako za MP3, kisha ndani ya gemu nenda Audio Setup, User Track Options, uiambie ichunguze folda. Utapata stesheni yako ya redio ndani ya gari. Mpwa wangu alijaza Singeli tupu. Mimi nimeweka taarabu ya bibi yangu. Chagua hali ya Radio badala ya Random, gemu itachomeka matangazo yake ya biashara katikati ya nyimbo. Ukiwa kwenye ile baiskeli ya mwanzoni redio haipo, kwa hiyo tafuta gari kwanza.